Posa ya Kocha Évariste

Évariste alikuwa fundi cherehani siku sita na kocha siku moja, na ukimuuliza ipi ndiyo kazi yake hasa, hakujibu. Ndivyo alivyolelewa Buyenzi, kule Bujumbura: mtu mwenye adabu hajisifu, wala hasemi anataka nini. Anangoja wenzake wamsemee. Adabu nzuri sana hiyo, ila safari hii ilikaribia kumponza.

Timu yake iliitwa Nyota ya Tanganyika. Walikuwemo Warundi, Wakongo na Watanzania wawili watatu, walinzi, vinyozi na wauza mitumba, wakicheza kila Jumapili kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya maghala ya Doornfontein, mjini Johannesburg. Ukianguka pale unaacha ngozi. Lakini kocha wao alikuwa na jicho la fundi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amepima watu mabega na viuno, na aliujua mwili wa mtu kuliko mwenyewe. "Théodore, nyonga yako ya kushoto imekaza, leo pumzika," angesema. Théodore, beki kutoka Lubumbashi, angeapa kwamba yuko mzima, angeingia kwa ubishi wake, na dakika ya kumi angetoka anachechemea.

Mwaka 2011, Johannesburg ikiwa bado inalisimulia Kombe la Dunia, Nyota walialikwa mechi ya kirafiki na chuo kikuu kimoja kikubwa cha jiji, chuo chenye nyasi laini utadhani zulia. Wakashinda tatu kwa moja. Baada ya mechi Évariste alimfuata mkurugenzi wa michezo wa chuo, mzee wa Kizulu aitwaye Ngubane, akamnong'oneza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba mshambuliaji wa chuo anaficha maumivu ya goti la kulia. Daktari akampima yule kijana, akakuta ni kweli. Wiki mbili baadaye ikaja barua. Chuo kilikuwa kinatafuta kocha mkuu, na kingependa kuzungumza naye.

Évariste aliitaka kazi ile. Tuseme wazi, maana yeye hakusema. Aliitaka mpaka chakula hakipiti. Alikaa kwenye cherehani akichora mipango ya mchezo kwa chaki juu ya vitambaa vya wateja, na mchungaji mmoja wa watu aliletewa suruali yenye mishale mitatu matakoni.

Wachezaji ndio waliosema, tena kwa niaba yake na kwa fujo. Walijaa kwenye duka lake la ushonaji, kila mmoja na lake.

"Kocha, mutu anakatala nyasi?" alisema Firmin, winga wao. "Unaenda tu!"

"Kule batu bakubwa," Théodore alimkatiza. "Unapoteza mechi tatu, banakufukuza. Jina kubwa linakula makocha. Mi ningebakia hapa, ku changarawe yangu."

"Hapa nani atamfukuza? Hata tukifungwa kumi tunampikia wali," alidakia kinyozi mmoja.

"Eish, ndiyo maana tunafungwa kumi," alisema Firmin.

Évariste alicheka nao, akaendelea kushona. Jioni Clémence, mkewe, alimwekea sahani mbele na kuketi mkabala naye. "Papa Fiona, unaitaka au huitaki?"

"Tutaona watakavyosema watu," akajibu.

"Mimi sijaolewa na watu," alisema Clémence, akaondoka na kachumbari yake.

Basi ikabaki kumtafuta wa kumsemea, na huyo hakuhitaji kutafutwa. Bakiri alikuwa meneja wa timu, rafiki yake tangu utotoni Buyenzi, muuza vitambaa mtaa wa Fordsburg, na juu ya yote msemaji wa Warundi wa mji mzima panapotokea posa. Mdomo wake ulikuwa umeozesha mabinti wasiohesabika. Na posa kwa Warundi ina mwendo wake. Wageni wakija, upande wa binti hautoi jibu siku ya kwanza. Msemaji anawaambia mmepotea njia, hapa hapana binti, na huyo mnayemtaja bado tunamhitaji. Wageni wanacheka, wanakunywa, wanarudi siku nyingine. Ukisema ndiyo mara moja, watadhani binti amekudodea.

Kwa Bakiri, jambo halikuhitaji mjadala. Chuo ndicho kilichoandika barua, kwa hiyo chuo ndicho kilichokuja kuposa. Binti alikuwa Évariste.

Siku ya mazungumzo walivaa suti, zote mbili mkono wa Évariste. Mzee Ngubane hakuwepo, alikuwa amekwenda kwao KwaZulu kuzika. Aliwapokea bibi mmoja wa ofisi ya ajira, mpole, kalamu mkononi. Alipomwona Bakiri amekaa mbele na kocha nyuma yake kidogo, akajua huyu ndiye wakala. Makocha wakubwa wote wana mawakala. Akamgeukia Bakiri, akaeleza uzuri wa chuo, akamaliza kwa kuuliza wao wanaonaje.

Bakiri alikohoa, akanyoosha koti. "Mama, tumeusikia ujumbe wenu na tunaheshimu nyumba yenu," alisema kwa Kiingereza cha sokoni. "Lakini sisi hatuna mtu wa kutoa. Huyu ni wetu. Tumekula naye, tumezika naye. Tukiwapa huyu, sisi tutabaki na nani?"

Évariste aliinamisha uso kama inavyotakiwa. Miaka kumi na minne alikuwa amepanga foleni kwenye madirisha ya wakimbizi, akiulizwa yeye ni wa wapi na atarudi lini. Leo mtu alikuwa amesema huyu ni wetu, ndani ya ofisi, mbele ya kalamu.

"Kwa hiyo jibu lenu ni hapana?" aliuliza bibi.

Bakiri akatabasamu kwa raha zote. "Kwa leo, ni hapana."

Bibi akaandika, akawashukuru, akawapa mkono. Walitoka nje wakipongezana. Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri kabisa. Walipofika kwenye robot, yaani taa za barabara kuu, Bakiri alikuwa ameshaanza kupanga watakayoyasema siku ya pili.

Siku ya pili haikuja. Kilichokuja ni barua pepe, Alhamisi, na aliyeisoma ni binti yao Fiona, wa miaka kumi na mitano, anayesikia Kiswahili cha wazazi wake na kuwajibu kwa Kiingereza. Aliwatafsiria polepole. Chuo kinaheshimu uamuzi wa kocha wa kukataa kazi, kinamtakia heri, na Jumatatu kitaanza kuzungumza na watu wengine.

"Kukataa?" alisema Clémence. "Nani amekataa?"

Évariste akaeleza. Clémence alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Mlikwenda kwa watu wa watu kucheza harusi! Papa Fiona, chukua simu. Waambie unaitaka."

Aliichukua. Aliishika mpaka ikawa na jasho. Binti hawakimbilii waposaji barabarani. Na lilikuwepo la pili, ambalo hakumwambia mkewe: maneno ya Bakiri yalikuwa yamemkaa moyoni, naye aliona haya kuyakana kwa simu. Akairudisha mezani. Siku mbili zile alishona vibaya, na alijichukia.

Jumamosi, saa nne asubuhi, timu yote ilikuwa dukani kuchukua jezi zilizotiwa viraka. Fiona alikuwa akizigawa. Mara vijana waliokuwa karibu na mlango wakasogea kando. Nje, juani, alisimama Mzee Ngubane, kofia mkononi. Hakuingia. Kwao Wazulu pia wajumbe wa posa husimama langoni mpaka waitwe.

Clémence ndiye aliyemkaribisha na kumpa kiti. Mzee alizungumza Kizulu, na Fiona, aliyekisoma shuleni, akatafsiri, akijikwaa kidogo kwa Kiswahili chake.

"Anasema amerudi jana. Amesoma maneno yaliyoandikwa ofisini, akacheka peke yake. Anasema ameozesha mabinti watatu, hiyo hapana anaijua. Ofisi haiijui, lakini yeye anaijua. Amekuja mara ya pili. Anauliza, familia inasema nini?"

Wote wakamgeukia Bakiri. Hapa ndipo alipotakiwa kung'ara. Maneno ya siku ya pili aliyajua hata usingizini. Lakini Bakiri alibaki akiikunjakunja jezi iliyokuwa mapajani mwake.

"Évariste," alisema hatimaye, "ile haikuwa desturi tupu. Niliposema hatuna mtu wa kutoa, nilikuwa nasema kweli. Sitaki uende. Nikisimama tena kumsemea binti na kukubali, nitasema uongo. Jisemee mwenyewe, ndugu yangu."

Firmin alitaka kusema kitu, Théodore akamkanyaga mguu.

Évariste aliinuka. Alikuwa na hofu kama mtu anayeomba kitu kwa mara ya kwanza maishani, maana ndivyo ilivyokuwa. "Naitaka," alisema. "Mzee, kazi hiyo naitaka. Naitaka sana. Nataka kujua ninaweza kufika wapi." Kisha akamtazama Bakiri. "Na wewe ni ndugu yangu. Hilo pia nalisema mwenyewe."

Bakiri alifuta uso kwa jezi ya mtu. Fiona alitafsiri, na mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Akauliza upande wa binti unadai nini.

"Mipira!" walipiga kelele vijana. "Nyasi! Jumapili moja kwa mwezi, nyasi!"

Bakiri akainua mkono, wakatulia. Sauti yake ilikuwa imerudi, sauti ya msemaji, ila safari hii hakuwa na mzaha.

"Hatuuzi mtu," alisema. "Tuna neno moja tu. Ninyi wakubwa mnachoka upesi. Mechi zikienda vibaya, siku mtakapomchoka huyu, msimwachie mlinzi wa getini amtoe. Mleteni hapa kwa heshima, kama ulivyokuja leo, na mseme: tumemrudisha kwao. Hata kama ni mwaka kesho, hata kama amezeeka. Sisi tutampokea."

Fiona alianza kutafsiri, akakwama, akaanza upya. Mzee Ngubane alisimama, akampa Bakiri mikono yote miwili. Na Évariste, ambaye hakuna mtu wa Johannesburg aliyewahi kumwona akilia, alilia mbele ya timu nzima, bila kuinamisha uso.