Mapigo Mawili ya Nyundo Ndogo

Mgeni aliyekatiza nyuma ya nyumba ya Radi Jumamosi asubuhi alidhani kuna watu wanauana humo uani. Kishindo, mguno, kishindo, tusi, kishindo. Majirani walishazoea. Walijua ni wazee wawili, shemeji kwa shemeji, wanafua chuma kwa raha zao tu. Kwamba iko siku mgeni huyo angekuwa amepatia, hakuna aliyewaza.

Radi lilikuwa jina la utani, nalo lilimkaa sawasawa. Pande la mtu, shingo nene, kicheko cha kuangusha vikombe. Maisha yake yote ya kazi aliendesha mashine ya kusaga nafaka, akirudi nyumbani mweupe mpaka kwenye kope. Alipostaafu, wenzake walikwenda kucheza drafti na kuwasengenya wakwe zao. Yeye alinunua vyombo vya mhunzi aliyefariki: mvukuto wa kupulizia moto, koleo, fuawe, yaani lile gogo la chuma la kufulia, na nyundo kubwa ambayo mkewe hakuweza hata kuiburuta. Mwenzake katika wazimu huo alikuwa kaka wa mkewe, Kinyozi, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye uzee haukuwa umemtoa bado dukani kwake.

"Wiki nzima nabembeleza vichwa vya watu," alikuwa akisema. "Jumamosi nataka kitu cha kupiga."

Walifua majembe, visu, bawaba za milango. Hawakuuza. Waligawa, na ole wake aliyepewa bawaba yao halafu akaonekana amefunga mlango kwa zile nyepesi za dukani. "Za bati hizo," Radi alikuwa akisema, huku akitema mate. "Mlango wa mwanamume hauning'inii kwenye bati."

Kazi ya kufua chuma kwa watu wawili ina sheria yake, na sheria hiyo haina maneno. Mshika koleo ndiye mkubwa. Anakiweka chuma chekundu juu ya fuawe, anakigusa kwa nyundo ndogo, na pale alipogusa ndipo nyundo kubwa inapoangukia. Ndogo, kubwa, ndogo, kubwa. Akitaka kusimamisha, anagonga fuawe tupu mara mbili: tin, tin. Hapo nyundo kubwa inabaki ilipo, hata kama iko hewani, kwa sababu mkono wa mshika koleo unaingia kusugua magamba ya chuma kwa brashi. Mpigaji hagongi ishara. Mpigaji anapiga tu, na kusikiliza.

Na Radi alikuwa hasikii.

Ile mashine ya kusaga haikumwacha bure, iliondoka na masikio yake. Sauti nene zilimfikia bado, ila nyembamba zote zilikufa moja baada ya nyingine: ndege, kengele ya baiskeli, maji yakichemka. Yeye hakuuita uziwi. Alisema watu wa siku hizi wananong'ona mno. Mkewe alikuwa akimwita mpaka chai inapoa, kisha anakuja kusimama mbele yake na mikono kiunoni. "Sikio la kufa halisikii dawa," alimwambia, na hilo nalo hakulisikia.

Tin, tin ilipokufa, alianza kuiba kwa macho. Aliitazama nyundo ndogo kama paka anavyotazama mfuko wa samaki. Ikihama pembeni, anasimama. Hakumwambia mtu. Tuseme ukweli, aliogopa. Bila ile nyundo alijiona atakuwa mzee wa kuanikwa juani asubuhi na kuanuliwa jioni, kama nguo. Afadhali kufa, aliwaza, na wala hakufikiria kwamba anayeweza kuumia si yeye.

Palitokea ya kumwonya. Jumamosi moja nyundo ilishuka ikapita karibu na vidole vya Kinyozi, ikang'oa kipande cha kigogo cha mti kilichobeba fuawe.

"Shemeji!" Kinyozi alifoka kwa nguvu. "Unalenga chuma au unanilenga mimi? Ukiniua hurithi kitu zaidi ya nyembe."

Radi alicheka mpaka akakohoa. "Ng'ombe hazeeki maini!" alijibu, akainua tena.

Siku yenyewe walikuwa wanafua bawaba za mlango wa duka la Kinyozi, mlango uliokuwa umefungwa kwa waya tangu zamani. Moto ulikuwa mkali. Upepo ukageuka ghafla, moshi ukampiga Radi usoni, macho yakajaa machozi. Mtu mwenye akili angeshusha nyundo. Lakini mikono ilikuwa imeshashika mdundo wake, na kusimama kungekuwa sawa na kukiri.

Kinyozi aligonga mara mbili. Akaiweka nyundo ndogo chini, akachukua brashi, akaingiza mkono wa kulia.

Nyundo kubwa ikashuka.

Radi aliujua ugumu wa chuma cha moto kuanzia kiganjani mpaka begani, na alichokipiga hakikuwa chuma. Kilikuwa kitu kinachobonyea. Alidhani bawaba imeteleza. Kinyozi alipiga ukelele mwembamba uliosikika mpaka barabara ya pili, watu wakatoka madukani. Mtu wa karibu kuliko wote hakuusikia. Alipangusa jicho kwa bega, akainua nyundo mara ya pili.

Koleo la moto likamkuta kwenye taya.

Kinyozi alilizungusha kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zake zote, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kumsimamisha. Meno mawili yakatoka. Nyundo ikaanguka nyuma ya Radi. Naye, katika moshi ule, alijua jambo moja tu, kwamba shemeji yake amempiga na chuma usoni bila sababu. Hasira ikampanda. Akampiga ngumi ya mbavu iliyomwinua Kinyozi na kumtupa juu ya mvukuto, mvukuto ukapasuka, makaa yakamwagika. Wakagaagaa humo humo, wazee wawili wenye wajukuu, wakinuka nywele zilizoungua. Kinyozi akamng'ata sikio, lile lile lisilo na kazi, akalishikilia kama mbwa. Radi akampata kooni, akamwekea goti kifuani, akakaza.

"Unanipiga?" alinguruma, damu ikimdondoka mdomoni. "Ndani ya uwanja wangu unanipiga?"

Mdomo wa Kinyozi ulifunguka na kufungika. Halafu akauinua mkono wake wa kulia, akauleta mbele ya macho ya Radi.

Vidole viwili vilikuwa vimelala bapa kama ngozi ya ndizi iliyokanyagwa. Brashi ilikuwa bado imenasa katikati yao.

Goti la Radi likalegea. Maji ya baridi yakamwagikia kichwani, na alipogeuka alimwona mkewe ana ndoo tupu, na mkewe akampiga na hiyo ndoo, begani, mgongoni, kichwani, akilia. "Amegonga!" alipiga kelele, usoni kwa mumewe kabisa. "Mpaka mimi jikoni nimesikia! Amegonga, wewe ukapiga!"

Vidole vile viwili vilikatwa hospitali. Kila aliyeuliza, Kinyozi alimpa jibu moja: "Niliharakisha mkono. Kosa langu." Radi, taya limefungwa kitambaa, alikaa kwenye benchi la korido akasomewa maneno hayo na mkewe sikioni, neno kwa neno, kwa ukali. Alikuwa na nafasi ya kusema. Alitazama sakafu.

Duka la Kinyozi likafungwa. Mkasi unahitaji vidole, na vilivyoondoka ndivyo vilivyokuwa vikiushika. Nyumbani mke wa Radi alimwekea mumewe chakula mezani bila kusema naye neno. Unaweza kusema kwa kiziwi hiyo si adhabu. Ilikuwa adhabu, maana Radi alizoea kuisoma midomo yake, na sasa haikutikisika. Siku moja Radi alitoka uani akaichukua ile bawaba ambayo haikumalizika, ikiwa baridi, akaipiga kama anaua nyoka, akapiga mpaka kitu kikakatika ndani ya bega na mkono ukaning'inia. Alikaa chini kwenye majivu. Hata bega nalo, aliwaza, limechoka kunifichia siri.

Bega lilikuwa linamuuma bado alipotoka Jumamosi nyingine na kukuta moshi uani.

Kinyozi alikuwa amewasha moto. Mvukuto ameuziba kwa viraka vya mpira. Koleo amelifunga kwenye kifundo cha mkono wenye bendeji kwa ukanda wa tairi la baiskeli, na kwenye koleo kuna ile bawaba, nyekundu.

"Shika nyundo," alisema kwa sauti ya juu. "Mlango wangu bado una waya."

Radi alitikisa kichwa.

"Shika, nimesema! Mkasi umekwenda. Juzi nimejaribu kumnyoa jirani nikamchana kisogo, akaniambia haidhuru, ananihurumia. Mimi! Nikienda nyumbani nakaa natazama ukuta. Nina nini tena? Hiki kilichobaki usininyang'anye."

"Siwezi," Radi alisema.

"Mwoga wewe."

"Sawa."

"Mwoga! Mume wa dada yangu ni mwanamke wa ndevu!" Kinyozi akaikamata nyundo ndogo kwa mkono wa kushoto, akairusha. Ilimpata Radi kwenye mfupa wa goti, maumivu yakampanda mpaka utosini, na hasira yake ya zamani ikaamka kana kwamba haijawahi kulala. Aliishika nyundo kubwa. Akaiinua juu, bega likilia, macho mekundu.

Kinyozi hakukimbia. Alikilaza kiganja chake cha kushoto, kile kizima, katikati ya fuawe, kando ya chuma cha moto.

"Piga basi," alisema. "Malizia na huu. Heri tujue moja."

Mkewe Radi alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Mdomo wake ulikuwa wazi na mikono yote miwili imeshika kichwa. Alikuwa anasema kitu, au anapiga kelele, Radi hakusikia. Alisikia damu yake tu ikigonga ndani ya kichwa, kama mashine ya kusaga. Nyundo ilitetemeka juu. Mikono ilikuwa inaishiwa nguvu, na aliujua uzito ule: asipoamua yeye, nyundo itaamua.

Akajisogeza pembeni, akaiachia ianguke nyuma yake. Ardhi ikatikisika.

Kisha akachechemea, akainama, akaiokota nyundo ndogo. Katika miaka yote ile hakuwahi kuishika wakati chuma kiko juu ya fuawe. Haikuwa yake kuishika. Akausogeza mkono wa Kinyozi taratibu, kama mtu anayeondoa sahani, akagonga fuawe tupu. Mara mbili.

Hakusikia kitu. Aliuhisi mtetemo kwenye kifundo cha mkono, basi.

"Umesikia?" aliuliza.

Kinyozi alimtazama. "Nimesikia."

"Mimi sijasikia." Aliishusha nyundo. "Siisikii, shemeji. Siku nyingi. Nilikuwa nakutazama mkono tu, na siku ile moshi uliponiingia nilikuwa napiga gizani. Vidole vyako nimevila mimi. Si wewe."

Alitegemea ngumi, na angeipokea. Kinyozi alipangusa pua kwa bendeji, akakaa juu ya gogo la kuni pembeni, na mabega yake membamba yakaporomoka.

"Najua," alisema.

"Unasema?"

"Najua!" Kinyozi alisogea, akamfokea kwenye sikio, lile lenye kovu la meno yake. "Najua toka lini! Unadhani nilikuwa nagonga kwa nguvu vile kwa nini? Mpaka mkono unaniuma nikirudi nyumbani! Nilijua, na nikaja, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nani mwingine angenipigia? Ningesema, wewe ungeacha, na mimi ningebaki na nani?"

Radi aliona haya kulia mbele ya shemeji, lakini alilia. Hakutoa sauti, au pengine aliitoa, yeye angejuaje. Mkewe alivuka uwanja akasimama kati yao, hakumgusa yeyote. Akamfungua kaka yake ule ukanda wa tairi, koleo likaanguka majivuni.

Bawaba ilibaki juu ya fuawe. Ilitoka wekundu wa pilipili ikaingia kahawia, kisha nyeusi, nusu yake haijakunjwa, na wote watatu waliitazama mpaka ikapoa.

"Na mlango wangu je?" Kinyozi aliuliza, sikioni.

Radi alichukua ndoo ya maji.

"Tutanunua dukani."

"Zile za bati?"

"Za bati," Radi alisema, akaanza kumwagia makaa maji.