Marehemu wa Dirisha Namba Tatu

Baba yake mhariri alikuwa amekufa mwezi wa pili sasa, na kila asubuhi alikunywa chai yake vizuri tu. Aliyemuua ni kompyuta ya ofisi ya bima ya afya. Mtu kabonyeza "marehemu" badala ya "hai", na dawa za presha zikasimama hapohapo. Maiti apewe vidonge vya nini, jamani? Nyumbani vilibaki viwili: cha leo na cha kesho.

Binti yake alikuwa kazini akihariri filamu ya mazombi, zile zinazojifanya zimepigwa na mtu anayekimbia na simu huku anahema. Kanuni yake ni moja: kamera haizimwi hata dunia ikiisha. Mwongozaji alikuwa amewapaka waigizaji damu ya rangi, akawaingiza kwenye ofisi ileile ya bima siku ya kazi bila kuwaonya wananchi, apate hofu ya kweli.

Wapi! Hakupiga kelele hata mmoja. Waliokuwa kwenye benchi walisogea kidogo, wakawapisha mazombi wakae. Mmoja, matumbo ya sponji yakining'inia, alijiburuta hadi dirisha namba tatu akanguruma. Karani hakuinua macho.

"Nakala ya kitambulisho iko wapi? Haya, namba arobaini na mbili. Kakae."

Zombi wa watu akaenda kukaa.

Mhariri, akikitazama kipande hicho kwenye kompyuta yake, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikamkauka, maana nyuma ya zombi alisimama mzee mwenye kofia ya sufu, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Baba! Siku ile mzee alikuwa amemwomba bintiye amsindikize, na binti akamjibu ana kazi nyingi.

"Mzee, si nilikwambia juzi? Umeshafariki," karani alisema. "Arobaini na mbili!"

Zombi akainuka, akahudumiwa.

Mwongozaji aliingia, akaona, akapiga makofi. "Huyu babu nani kampaka? Kawashinda wote!"

"Hajapakwa. Ni baba yangu."

Mwongozaji aliona haya. "Pole, dada. Chukua kipande hicho. Tarehe na saa zipo pembeni. Wanataka ushahidi gani tena?"

Kesho yake baba na bintiye walikuwa dirishani. Karani aliitazama picha kwenye simu ya binti mpaka mwisho, hata akatabasamu alipojiona. Kisha akarudisha simu.

"Dada, hii ni foleni ya mazombi," alisema kwa upole kabisa. "Na baba yako yumo humohumo. Mimi nitajuaje kama yeye si mmoja wao?"

Binti alitaka kumrukia. Baba akamshika mkono.

"Basi, kijana wangu," mzee alisema, "nipe namba kama uliyompa yule."

"Nakala ya kitambulisho?"

"Hii hapa."

"Tisini na saba. Kakae."

Baba akapokea kikaratasi, akakaa, na safari hii binti akakaa naye. Kidonge cha mwisho mzee alikuwa amekimeza asubuhi ile.