Towser ya Bibi Thomasine

Asubuhi Kerensa alimkataza bibi yake kutamka neno "towser" mbele ya mwanawe Merryn. Mtoto alikuwa amelisema shuleni, wenzake wakamcheka.

"Sema aproni, Bibi. Hicho ni Kiingereza kibovu cha wachimba migodi."

"Mie nimeivaa na kuiita hivyo tangu usichana, mama. Haya, nitanyamaza." Na kweli alinyamaza, akaendelea kukunja kingo za pai za nyama bila kumsimulia kitukuu wake lolote.

Jioni, kwenye darasa la Kikornishi, lugha ya kale ya eneo lao iliyozimwa na Kiingereza, pale Camborne, mgeni kutoka Bretani, ng'ambo ya bahari, aitwaye Annaig alitandika kitambaa mezani ili wanywe chai.

"Kwetu hiki tunakiita touzier," alisema.

Kikombe cha Kerensa kiliishia hewani. "Unakiitaje?"

Mwalimu akacheka. "Ndugu wa kitambaa hicho si mnamvaa kiunoni? Towser. Wengi tunaamini ni Kikornishi, limebaki tangu enzi lugha zetu zilipokuwa karibu, tukielewana na Wabretoni bila mkalimani."

Mwaka mzima Kerensa alikuwa akihangaika kuitafuta lugha ya mababu vitabuni, na leo hii, kwa mdomo wake mwenyewe, ameinyamazisha jikoni kwake.

Alikimbia nyumbani. Merryn alikuwa bado macho.

"Bibi," alisema, "mfunge Merryn towser yako. Mwambie inaitwaje."

"Wewe leo umepatwa na nini?" Bibi Thomasine alimkazia macho, lakini vidole vyake vilikwisha kuanza kulifungua fundo mgongoni.