Fremu ya Bi Earline

Bisibisi ilizama kwenye alumini kama inavyozama kwenye kiazi kilichoiva. Fundi Lavonne Tillery, aliyelala chali chini ya kigari cha gofu karakanani mwake, aliichomoa, akasogea shubiri moja, akadunga tena. Ikazama tena. Alitukana ndani kwa ndani, maana mwenye kigari, Bi Earline Gaskins, alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki akiwa na kofia yake ya kanisani, na mbele ya mama wa kanisa hutukani kwa sauti.

"Vipi huko chini?" Bi Earline aliuliza.

"Pabaya, mama."

"Pabaya pa kutengenezwa au pabaya pa kuzikwa?"

Lavonne aliufuata ufa kwa kidole. Ulipita ubavuni kabisa mwa mshono aliouchomelea mwenyewe majira ya kuchipua. Ule mshono ulikuwa mzima, mzuri hata wa kupigwa picha. Kilichokufa ni chuma kilichoushika.

Katika mji wetu huu wa jimbo la Jojia, mtu aliyenyang'anywa funguo za gari na daktari bado ni mtu kamili, mradi ana kigari. Vijia vya vigari vinapita nyuma ya nyumba zote, vinakwenda dukani, kanisani na ng'ambo ya ziwa. Kwa vijia hivyo Bi Earline alikuwa akivuka daraja la ziwa kila mchana kwenda kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, kumlisha mumewe, Cletus. Cletus alishasahau majina ya watu wote. Wauguzi wakimletea kijiko, anageukia ukutani. Kijiko kikishikwa na Earline, anafungua kinywa.

Tangu fremu ipasuke, majirani walikuwa wakimpeleka kwa zamu, na Bi Earline hapendi kubebwa kama furushi. Mwanawe Rufus, dereva wa lori, alikuwa amepiga simu kutoka Atlanta akasema basi imetosha. Jumamosi atakuja na trela, kigari kitauzwa kama chuma chakavu, na mama atahamia kwake. Baba atafuata nafasi ikipatikana huko. Nani atamlisha mpaka ipatikane, Rufus hakusema. Na leo ndiyo ilikuwa Jumamosi.

Lavonne alijiburuta kutoka uvunguni, vidole vimejaa unga mweupe. Aliunusa.

"Mama, betri unazipa maji lini?"

"Kila Jumapili kabla ya ibada. Nazijaza mpaka mdomoni. Cletus aliniambia nisiziache na kiu hata siku moja."

"Halafu?"

"Halafu nachomeka umeme, naenda zangu kumwimbia Mungu."

Lavonne aliketi sakafuni. Betri ikijazwa mpaka mdomoni kisha ikachajiwa, inachemka na kufurika, na maji yake ni tindikali. Jumapili baada ya Jumapili, watu wakiimba, tindikali ilikuwa ikidondokea fremu na kuila taratibu. Alimweleza hivyo hivyo, bila kuzungusha maneno.

Bi Earline alivua kofia, akaiweka mapajani. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, mama. Na ni mimi niliyechomelea juu ya uozo bila kukuuliza."

Wakasikia trela ikirudi nyuma uani. Rufus aliteremka, jitu la mtu, akainama kumbusu mama yake kisha akainama tena kutazama uvunguni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu, na hofu yake ilikuwa na sababu.

"Da Lavonne, ulishaitengeneza hii mara moja."

"Niliitengeneza vibaya."

"Basi unaniambia niiamini mara ya pili? Pale darajani chini ni maji. Mama yangu haogelei."

"Nipe mpaka chakula cha mchana. Ikinishinda, nitakusaidia mwenyewe kukipakia kigari."

Rufus alimtazama mama yake. Bi Earline alikuwa akiikunja na kuikunjua ile kofia. Rufus akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

Lavonne alitoa betri zote, akaiosha fremu kwa maji ya magadi mpaka ikaacha kutoa povu. Kisha akashika grenda akaanza kukata. Safari hii hakufuata ufa, alifuata uozo. Kila alipokata aligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti ya boga. Alikata mpaka kigari kikabaki na pengo ambalo Rufus alishindwa kulitazama.

"Yesu wangu," alisema. "Sasa hata kama chuma chakavu hawatainunua."

"Kaa kimya, mwanangu," Bi Earline alisema. "Dada anasikiliza."

Nyuma ya karakana, chini ya misonobari, kulikuwa na mzoga wa kigari kingine kilichogongwa na mti. Lavonne alikata upande wa fremu yake uliokuwa mzima, akaupima, akaupunguza, akauingiza kwenye pengo. Alisugua kwa brashi ya waya aliyoitenga kwa alumini tu, isiyowahi kugusa chuma kingine, na ole wake atakayeiazima. Akachora mstari kwa kipande cha sabuni, akapasha moto mpaka sabuni ikawa ya kahawia, ishara kwamba joto limetosha. Alumini haiwi nyekundu ikakuonya. Inang'aa kidogo tu, kisha inadondoka miguuni pako.

Akashusha kinyago, akawasha mashine ya kuchomelea. Mshono wa kwanza ulitoka mweusi, umejaa matundu. Akauchimba wote. Uozo ulikuwa umeingia mbali kuliko alivyodhani, ikabidi akate zaidi, na kile kipande cha mzoga sasa kilikuwa kifupi. Rufus alisimama.

"Bado," Lavonne alisema bila kuinua kinyago.

"Sijasema kitu."

"Umesimama."

Rufus akakaa. Lavonne alirudi kwenye misonobari, akakata kipande kingine kirefu zaidi, akaanza upya kuanzia brashi. Mguu ulikufa ganzi, jasho likamwingia machoni, na hasira ikampanda, si kwa Bi Earline wala kwa Rufus, bali kwa ule mshono wake mzuri wa majira ya kuchipua. Akawasha tena. Chuma kikayeyuka, kikatulia, kikang'aa. Akaenda nacho polepole mpaka mwisho.

Kilipopoa alirudisha betri, kisha akamwita Rufus. "Panda kiti cha nyuma."

"Mimi?"

"Tunahitaji uzito wako. Leo umekuja kwa heri."

"Nimemlea mwenyewe," Bi Earline alisema. "Fremu ikimbeba huyo, itabeba kanisa zima."

Lavonne alishika usukani akakipitisha kigari, jitu lile likiwa nyuma yake, juu ya mizizi ya misonobari, akarudi, akapita tena kwa kasi zaidi. Rufus alikuwa ameng'ang'ania nguzo kwa mikono miwili. Kisha Lavonne akaingia uvunguni, akapulizia rangi nyekundu inayopenya hata ufa usioonekana, akaifuta, akapulizia unga mweupe juu yake. Ufa ukiwepo, wekundu hujitokeza. Wote watatu waliinama kungoja, Bi Earline akiwa amemshika mwanawe bega. Weupe ukabaki weupe.

"Na mimi nikiondoka," Rufus aliuliza taratibu, "nani ataikagua?"

"Mimi. Na maji ya betri nitatia mimi. Yeye haigusi tena chupa."

"Mimi niko hapa hapa mnaponisema," Bi Earline alisema, akavaa kofia. "Saa imefika. Cletus ana njaa."

Alikaa kwenye usukani. Rufus, ambaye hakuwa ameutaja tena mpango wake wala kuufuta, alichukua bakuli la viazi vitamu vya kupondwa alilokuja nalo mama yake, akazunguka akae kando ya mama yake.

"Hapo ni pa Cletus," Bi Earline alisema.

Rufus akarudi kiti cha nyuma, kile kinachotazama walikotoka. Kigari kikaondoka bila kulia popote, kikashika kijia cha ziwani. Lavonne alisimama mlangoni, kinyago mkononi, akimtazama mtu yule mkubwa anayezidi kuwa mdogo, magoti juu, akitazamana naye. Walipofika kwenye tuta la daraja Rufus aliinamia bakuli, akalifunika kwa viganja vyote viwili, chakula cha baba yake kisimwagike.