Ndovu wa Mastulah

Mwiko ni mwiko: mama mkwe na mkwewe hawakai chumba kimoja wakatazamana au kusemezana. Kwao Mastulah walisema anayeuvunja hutetemeka mikono mpaka kaburini. Kwa hiyo tangu bintiye Zam aolewe na Edirisa, mkimbizi mwenye duka katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mama huyu hakuwahi kusema naye hata neno. Na neno alikuwa nalo, limemkaa kooni. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa hukohuko, mbali na hospitali, akafa. Sasa Zam alikuwa mja mzito tena, na Edirisa alikataa katakata aje kuzalia kwa mama yake Mbarara, penye hospitali. Wajumbe walikwenda, wakarudi mikono mitupu.

Ndipo Buruhan, mdogo wake Mastulah mwenye kibanda cha video mjini, alipoalikwa kwenda Nakivale siku ya Idi na televisheni yake na jenereta. Mastulah akashtuka kwa furaha: mbele ya video, nani anamtazama mwenzake? Wote macho mbele!

Lakini video gani? Wakazijaribu kwanza kibandani. Katika kanda ya kwanza, watu walianza kubusiana hata jina la filamu halijatoka. Mastulah akairukia televisheni, akaifunika kwa leso. Ya pili ilikuwa bunduki mwanzo mwisho. Askari, wateja wa kibanda, waliipenda mno, lakini utamwonyeshaje bunduki mtu aliyezikimbia? Ya tatu ilikuwa ya wanyama.

"Hiyo nalaza watu usingizi, dada," Buruhan akamwonya.

"Leta hiyohiyo."

Siku ya Idi, nyumbani kwa Edirisa, wakaziba madirisha kwa mablanketi. Edirisa akaketi mbele, Zam katikati na tumbo lake, Mastulah nyuma kabisa, ukutani. Ndovu wakatokea. Subhanallah, ukubwa ule ndani ya kisanduku kile! Jike mmoja akayumba, akasimama. Wenzake wakamzunguka pande zote, kimya, mpaka ndama akaanguka chini, mbichi, akajaribu kusimama, akaanguka, akasimama. Watoto waliokuwa wakigombania mkeka wakaachama. Mzee Kezironi, jirani yao, akavua kofia kana kwamba yuko kanisani. Mastulah akalia waziwazi, akaiambia televisheni:

"Eh, ndovu! Nyinyi hapana acha mwenzenu zaa peke yake!"

Hakuna ambaye hakujua neno lile lilimlenga nani. Edirisa hakugeuka. Naye akaiambia televisheni:

"Ndovu, mimi niliogopa. Ile mutoto ya kwanza tulimuzika hapa. Nikasema, mama yake akienda, yeye kaburini atabaki na nani?"

Mastulah hakuwa amelijua hilo. Miaka yote alimwita mtu wa moyo wa jiwe.

"Baki naye wewe, mwanangu," akasema. "Huyu mwingine nipe mimi."

Edirisa akafuta uso kwa kiganja. "Sawa, mama. Kesho tunapita njia ya Kaberebere, namuleta kwako."

Ndama alikuwa ameanza kunyonya. Mastulah akaitazama mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka, sawasawa na walivyosema wazee. Akaiacha itetemeke.