Mluzi wa Ngazini

Baba alikuwa fundi saa, na kila jioni alipanda ngazi hadi kwetu ghorofa ya nne huku akipiga mluzi. Mama hakuuvumilia. "Mtu mzima na mluzi kama muhuni! Unatutia aibu kwa majirani."

Kisha Baba akanunua pikipiki, na kutembea kukaisha. Kutwa nzima aliinamia saa za watu, jioni pikipiki ikamshusha mlangoni mwa jengo. Mluzi ukaanza kukatikia ghorofa ya tatu, baadaye ya pili, mwishowe ukanyamaza kabisa. Mama akafurahi. "Hatimaye baba yenu ameona haya," alituambia, na siku hiyo akamwekea kipande kikubwa cha nyama.

Daktari ndiye aliyeng'amua. Alimwambia Baba kwamba presha imepanda, moyo na mapafu vimelegea kwa kukaa, lakini akitembea kila siku pumzi itarudi kidogo kidogo.

"Nitaanza Jumatatu," Baba akajibu.

Jumatatu zimejaa tele kwenye kalenda, yeye hakuiona hata moja ya kumfaa. Moyo ulisimama akiwa kwenye kiti chake cha kazi.

Jana kijana wa ghorofa ya tano alipanda akipiga mluzi. Mama aliacha sufuria jikoni, akakimbia kufungua mlango. Kijana akanyamaza.

"Samahani, mama. Nimekusumbua."

Mama alishika fremu ya mlango, machozi yakimtoka.

"Piga, mwanangu," alimwambia. "Piga mpaka juu."