Saruji ya Siku ya Akina Mama

Mama alikuwa ameenda Barabara ya Coventry kununua misumari wakati kaka yangu Oliver alipoingia kwa mlango wa nyuma na wanaume watatu na mashine ya kuchanganya saruji. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Siku ya Akina Mama. Mimi nilikuwa jikoni nikinyunyizia maji miche ya managu, mboga ya kwetu, ambayo Mama alikuwa ameipanga dirishani katika vikopo vya maziwa ya mtindi.

"Kageha, usimpigie simu," Oliver alisema kabla hata ya kunisalimu. "Ni sapraizi."

"Sapraizi gani?"

"Tunamwekea saruji uwanja mzima, toka hapa mlangoni hadi ukutani. Halafu viti, mwavuli, kila kitu. Apumzike sasa."

"Lakini hilo ni shamba lake," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama kawaida yake, na mashine ikawashwa juu yake.

Mama alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee kule Harborne, ng'ambo ya jiji, tangu sisi tukiwa wadogo. Mchana alilala, dirisha limezibwa kwa blanketi. Akiamka jioni alituuliza kama kulikuwa na jua. Alistaafu Novemba iliyopita. Baridi ilipokuwa bado kali, alijifunza kutumia drili kwa kutazama video, akatengeneza matuta yaliyozungushiwa mbao za sakafu kuukuu ya jirani, akaokota madirisha yaliyotupwa barabarani ili ajenge kibanda cha vioo cha kukuzia miche. Misumari ilikuwa ya kibanda hicho. Mbolea ya farasi aliileta kwa basi, kwenye mfuko magotini. Alipofika nyumbani aliniambia watu wote walihama viti vya karibu naye. "Afadhali," alisema, "nilipata pa kunyoosha miguu." Sikuwahi kumwona akicheka vile.

Sasa wanaume wawili walikuwa wanang'oa zile mbao na kuzitupa kwenye kichochoro. Nilitoka nje na ndara zangu. Mkubwa wao, Tarsem, mzee mwenye kilemba kilichojaa vumbi, alikuwa anasawazisha udongo kwa reki. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba Mama hajui.

Aliacha kuvuta reki. "Kijana aliniambia ni yeye mwenyewe aliyeomba."

"Dada yangu huogopa kila kitu," Oliver alimwambia, akicheka. "Endelea, boss."

Nikampigia Mama. Nilisikia kelele za basi. Nilimweleza.

"Mwambie asimame," alisema. "Nakuja."

Nilimwambia Oliver. "Ndiyo maana nilisema usimpigie," akajibu. "Sasa umeniharibia video ya sapraizi." Wilbaro ya kwanza ikamwagwa pale ukutani, juu ya kitunguu maji kilichokuwa kimeanza kutoa majani. Ya pili. Ya tatu. Basi nikapanda juu ya tuta la vitunguu saumu, lile la mwisho lililokuwa halijang'olewa, nikasimama katikati.

"Kageha, shuka."

Sikushuka.

"Utakuja kushuka tu. Mwageni kumzunguka."

Wakamwaga kunizunguka.

Mama alipoingia kutoka kichochoroni, bado na koti lake na mfuko wa misumari mkononi, alinikuta kwenye kisiwa, ndara zangu zimezama kwenye udongo. Uwanja wote uliobaki ulikuwa wa kijivu na unang'aa. Oliver aliinua simu.

"Mum! Happy Mother's Day! Sema kitu!"

"Zima hiyo."

"Angalia tu huku, Mum, kidogo—"

Mama aliweka mfuko chini. Akamnyang'anya simu, akaitupa kwenye saruji. Ilianza kuzama taratibu, kioo bado kinawaka. Oliver alipiga ukelele akaingia kuifuata na viatu vyake vyeupe, saruji ikamfika juu ya vifundo.

"Nani alikuambia nimechoka?" Mama aliuliza.

"Mum, watu wanaongea!" Alikuwa anaipangusa simu kwa shati. "Auntie Wambui aliniuliza kanisani mbele ya wanaume wote, ati mama yenu bado anabeba mavi ya farasi kwa basi? Kwani watoto mmeshindwa kumlisha?"

"Na wewe ukamjibu nini?"

Oliver akatazama simu yake.

"Nimekuuliza, ukamjibu nini?"

"Nilimwambia tunashughulikia."

"Kumbe mimi ndiye wa kushughulikiwa." Mama alisema polepole, na hapo nikaogopa kwa niaba ya Oliver. "Nimeinua wazee wa watu usiku kucha. Nimewageuza, nimewaosha, nimewalisha, ndiyo wewe ukavaa hivyo viatu. Jua likitoka, mimi nalala kama popo. Sikulalamika. Haya ndiyo majira yangu ya kwanza ya machipuko nikiwa macho, Oliver. Ya kwanza! Na wewe umeyamwagia saruji ili Wambui asikucheke."

"Nilitaka upumzike."

"Nilikuwa napumzika! Kupumzika kwangu ndiko huku!"

Akamgeukia Tarsem. "Inaweza kutoka?"

Tarsem alitia ncha ya reki kwenye saruji. "Kule ukutani imeanza kushika. Hii ya hapa ni mbichi bado, lakini itolewe sasa hivi. Samahani, dada. Niliambiwa vingine."

"Wewe sina neno nawe," Mama alimjibu. Akamtazama Oliver. "Maadamu umeshaingia, chukua sepetu."

"Mum, kuwa na busara. Si tuongee kwanza?"

"Tukiongea inakauka."

"Siwezi kufanya kazi ya—"

"Oliver, chukua sepetu!"

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Ilitoka kubwa mpaka ng'ambo ya ukuta mbwa akabweka. Nilishuka kutoka kwenye tuta, miguu ikaingia kwenye saruji baridi, nikaokota sepetu nikamtia mkononi. Nadhani alishangaa zaidi kwa sababu yangu kuliko kwa sababu ya Mama. Akaanza kuchota.

Tulichota sote. Tarsem na watu wake walisukuma wilbaro hadi kwenye lori lao bila kuambiwa. Mama alivaa gambuti zake na hakupumzika hata mara moja. Ilipofika saa ya chai, aliingia ndani akatoka na vikombe kwenye sinia, chai ya maziwa yenye tangawizi. Akampa Tarsem, akawapa wale wanaume wawili, akanipa mimi.

"Yangu?" Oliver aliuliza.

"Maji yako kwa bomba."

Kwetu hata mtu aliyekuja kudai deni hunywa chai. Oliver alijua. Alirudi kuchota akiwa ameinamisha kichwa.

Mchana ulipopita tulikuwa tumefikia udongo, isipokuwa ule ukanda wa ukutani, ambao ulikuwa umeshakuwa jiwe. Mama aliupiga kwa kisigino.

"Hapa utarudi kesho na nyundo."

"Mum, kesho nina watu."

"Sikukuuliza una nani."

Oliver alitoka kupitia kichochoroni na soksi, viatu mkononi vimekauka kama matofali. Mama hakumsindikiza. Alikuwa amepiga magoti, anakwangua kwa vidole ngozi ya saruji iliyobaki juu ya udongo, na huku anatukana kwa Kimaragoli, matusi ambayo sikuwahi kumsikia akiyatamka, moja kwa kila konzi aliyoitupa pembeni. Nikapiga magoti kando yake. Mengine sikuyaelewa. Niliyarudia yote, kwa sauti.